Salamu Zilizokatika Jumatatu

Mwili ulionekana chini ya shimo la lifti siku ya Jumatano, saa saba na robo mchana, na aliyeuona alikuwa mwangalizi wa jengo, ambaye wala hakuwa akitafuta mwili. Alikuwa akitafuta mtu wa kumgombeza. Mbele ya lifti, ghorofa ya nne, mtu alikuwa ameacha furushi la sare za shule, zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, katikati ya njia.

"Nani tena huyu?" alinung'unika, akainama kulisogeza. Ndipo alipogundua kwamba milango ya lifti iko wazi na lifti haipo. Kulikuwa na giza na upepo tu. Akawasha tochi ya simu, akamulika chini, akaona kiatu cha kike. Kisha akamwona mwenye kiatu. Ukelele alioupiga ulisikika mpaka mtaa wa pili.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo alifika saa saba na nusu, na kabla watu hawajamaliza kumweleza alikuwa ameshapanda ngazi mpaka chumba cha mashine, ameshuka mpaka shimoni, na amepanda tena. Kituoni walimwita Kiguu, kwa jinsi alivyokuwa kiguu na njia. Mwanamke yule hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Akihoji, hutembea. Akila, husimama. Mumewe alishasema mbele za watu kwamba hata usingizini miguu ya mke wake huenda kazini.

Marehemu alikuwa mshonaji, mjane wa ghorofa ya nne, na sare zile alikuwa akizipeleka kwa mteja.

"Breki imelika mpaka chuma," mkaguzi wa lifti aliyeitwa na polisi alisema, akifuta mikono yake iliyojaa grisi. "Lifti ikiwa tupu, kuna uzito upande wa pili unaoivuta juu. Breki ndiyo inayoishika isiondoke. Huyu mama alibonyeza, lifti ikaja, milango ikafunguka. Akageuka kulivuta furushi, akawa anaingia kinyumenyume, kama tunavyofanya sote tukiwa na mzigo. Nyuma yake lifti ikapanda yenyewe, kimya kimya."

Kiguu aliacha kutembea, lakini kwa muda mfupi tu.

"Breki kama hii inaisha kwa siku moja?"

"Thubutu! Mtu yeyote aliyefungua kifuniko cha breki wiki hii ameiona."

"Basi kuna mtu aliijua," Kiguu alisema, akaanza tena kwenda na kurudi.

Saa nane kasoro robo akaja Meneja wa kampuni inayotunza lifti zile, jasho likimtoka hadi kwenye tai. Tangu alipofika hakubanduka ubavuni mwa Kiguu mpaka saa tisa na nusu, akiapa na kujitetea hata pale ambapo hakuna aliyemshtaki. "Mimi nimeshampigia simu msimamizi wa mfumo wetu, Inspekta. Rekodi zote ziko wazi. Sisi tuna mfumo wa kisasa, hatufichi kitu."

Binti wa marehemu aliwasili akiwa bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Hakulia. Alimshika Kiguu mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Nani alijua?" aliuliza. "Niambie hilo tu. Nani alijua ile lifti ni mbovu na mama yangu hakuambiwa?"

"Sijui, mwanangu. Lakini nitajua."

Simu ya marehemu ilipatikana mfukoni mwa aproni yake, kioo kimepasuka lakini bado inafanya kazi. Kiguu akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa vielelezo na kumwagiza sajini ahakikishe haizimiki. Alitaka kujua nani atapiga.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo lisilokuwa na lifti, jambo ambalo siku nyingine lingemchekesha Kiguu. Ukutani palikuwa na bango kubwa: FUNDI ANAANDIKA, MFUMO UNASEMA.

"Maana yake nini?" aliuliza.

"Ni agizo langu," Meneja alisema. "Zamani mafundi walikuwa wanawatisha wapangaji bure. Mara lifti hii itawaua, mara ile imechoka. Simu zikawa haziishi. Sasa fundi haongei na mpangaji wala mwangalizi, na hazimi lifti. Anaandika kwenye mfumo. Akiandika mbovu, mfumo unatuma meseji wenyewe: kwangu, kwa mwangalizi, kwa wapangaji wote wa jengo. Mwangalizi anazima, basi."

Msimamizi wa mfumo huo alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa na wote Bi Mfumo. Kwa miaka sita alikuwa mapokezi, akipokea simu na kutabasamu. Kisha akajifunza mwenyewe, kwenye kompyuta ya mapokezi, kutengeneza programu kwa moja ya zile huduma za mtandaoni ambazo huhitaji kujua kuandika msimbo: unaburuta kisanduku hapa, unaunganisha na kile pale, unalipia kifurushi cha mwezi, kazi imekwisha. Kampuni ikamshangilia. Wakampa chumba chake chenye mlango na jina lake juu ya mlango.

Macho yake yalikuwa mekundu. Aligeuza kompyuta ili Kiguu aone.

"Hii hapa. Lifti ya lile jengo. Imekaguliwa jana Jumanne, saa nne asubuhi. Akaunti: Fundi Tatu. Breki: sawa."

Kiguu aliinama. Rekodi ile ilikuwa juu kabisa ya kioo. Chini yake zilifuata rekodi za leo Jumatano asubuhi, za majengo mengine.

"Mbona ya jana iko juu ya za leo?"

"Mtandao tu, Inspekta. Wakati mwingine unachanganya."

"Fundi Tatu ni nani?"

"Ni wawili," Bi Mfumo alisema. "Kifurushi chetu ni kidogo, kinaruhusu akaunti tano tu na mafundi ni tisa. Kwa hiyo wanashirikiana. Fundi Tatu ni Chapchap na Fundi Mrefu. Na huyo Mrefu..." Alifuta macho. "Huyo ni shemeji yangu. Mdogo wa mume wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa."

Aliinamia meza akalia kwa uchungu wa kweli, na Kiguu, ambaye ameona machozi ya kila aina, aliyaamini.

"Hukumwambia Meneja muongeze kifurushi?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka," alijibu, akipangusa pua.

*

Chapchap alihojiwa Alhamisi asubuhi akiwa na shavu lililovimba. Jumanne nzima alikuwa kwa daktari wa meno. Daktari alikuwa ameshathibitisha kwa simu tangu Jumatano jioni, na jino lilikuwepo, limefungwa kwenye karatasi mfukoni mwake. Wenzake walimwita Chapchap kwa sababu aliweza kukagua lifti kumi akiwa amekaa kwenye kiti cha kahawa, na Kiguu alimkalia kooni nusu saa nzima.

"Nakubali, mimi ni mvivu," Chapchap alisema, mkono shavuni. "Nimeandika 'sawa' mara nyingi bila kuona. Nifukuzeni. Lakini Jumanne sikushika simu, nilishika taya."

"Lete simu yako. Fungua rekodi yoyote ya zamani. Ibadilishe."

"Haiwezekani, Inspekta. Kwenye simu unaandika mara moja tu, ukishatuma imetoka. Huoni hapa hakuna kitufe? Ukikosea, unapiga ofisini wakubadilishie wao kwenye kompyuta, kwa akaunti ya Ofisi." Alitabasamu kwa upande uliobaki. "Mimi wamenibadilishia sana. Tena wakiigusa tu inaruka juu kabisa, inakaa ya kwanza. Ndivyo Meneja anavyonikamata."

Kiguu alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi. "Rudia hapo."

"Wapi? Kwamba ananikamata?"

"Kwamba inaruka juu."

Chapchap alirudia. Kiguu akamwambia aende akapumzike na asile vitu vya moto.

Chumba cha mahojiano alichokuwemo Fundi Mrefu kilikuwa kifupi kwake. Kijana yule alikuwa na urefu wa kugonga kila fremu ya mlango. Alikamatwa Jumatano jioni, mara baada ya jino la Chapchap kujulikana. Mwendesha mashtaka alikuwa amekwishasema: faili lifike mezani kwake Ijumaa saa sita mchana, kuua kwa uzembe, na hapo kijana asahau kuona jua kwa miaka.

"Niliandika mbovu," Fundi Mrefu alisema kabla hajaulizwa. "Niliandika, breki mbovu, lifti isitumike. Simu ikaniandikia: imepokelewa. Mnaniambia kwenye mfumo ni sawa. Labda mimi ni kichaa."

"Ulimwambia mwangalizi?"

"Nilimpita mlangoni." Alishika tama. "Anafagia. Akaniuliza, fundi, vipi huko? Nikamjibu, mfumo utakwambia. Ndilo jibu tulilofundishwa. Yule mama alikuwa anaingia na mtungi wa maji, akanisalimia. Na yeye sikumwambia. Neno moja tu, Inspekta! Mama, tumia ngazi. Lingenigharimu nini?"

"Shemeji yako amekuja kukuona?"

"Jana usiku na leo asubuhi. Analeta chakula, analia, anasema nijikaze kisabuni, yatapita. Namwonea huruma kuliko ninavyojionea."

Kiguu alizunguka meza mara tatu. Kama kijana anasema kweli, mtu aliibadilisha rekodi ofisini. Ofisini kuna watu wawili wanaotumia akaunti moja. Mmoja analeta chakula mahabusu. Mwingine anavuja jasho bila kuulizwa kitu.

*

Alimvamia Meneja alasiri ileile.

"Kwa nini ulikataa kuongeza kifurushi?"

"Mimi?" Meneja alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi ndiye niliyeitisha kikao! Mwezi uliopita tulikaa hapa kupanga kuhamia kifurushi kikubwa. Nilileta mpaka kampuni ya wataalamu watuhamishe. Bi Mfumo mwenyewe ndiye aliyesema hiki kidogo kinatosha mpaka mwisho wa mwaka, tusiharakishe."

"Yeye anasema alikuomba mpaka akachoka."

"Basi mmoja wetu ni mwongo."

"Hilo nimeshaliona," Kiguu alisema. "Ninachotaka ni kumjua."

Meneja aliinua kiti chake, akakaa, akasimama tena. Alikuwa na sababu zote za kudanganya. Mikataba ya majengo matano ilikuwa inaisha mwezi ule, na breki mbovu iliyojulikana na kupuuzwa ingeifunga kampuni yake siku hiyohiyo. Sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishamhukumu tayari, ilionekana usoni.

Wakiwa njiani Kiguu alikata kona kuelekea kwenye lile jengo. Sajini hakuuliza kwa nini. Mwangalizi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, fagio magotini, kama mtu aliyefiwa.

"Ulipata meseji yoyote Jumanne?" Kiguu alimuuliza. "Yoyote ile."

"Hakuna. Tena ningeipata ningejua, maana hao watu walikuwa wananichosha. Kila siku alfajiri, ngring! Habari za asubuhi, safari yako ya juu ni furaha yetu. Jengo zima hivyo hivyo, kila mpangaji. Watoto waliamshwa, wazee waliamshwa. Meneja wao ndiye aliyebuni. Nilishataka kuwatukana." Alilitazama fagio. "Afadhali sasa wameacha."

"Wameacha lini?"

"Tangu Jumatatu. Hata salamu hawanipi."

Kiguu alibaki ameganda, mguu mmoja ngazi ya juu na mwingine ya chini. Jumatatu. Siku moja kabla ya ukaguzi. Siku mbili kabla ya kifo.

Alipiga simu kwa kampuni inayomiliki ile huduma ya mtandaoni, akapokelewa na kijana mchangamfu wa kitengo cha wateja, akazungumza naye akipanda na kushuka ngazi za jengo zima. Sajini, aliyeshindwa kumfuata, alisikia vipande tu.

"Kifurushi kidogo kina kikomo cha meseji kwa mwezi... Ndiyo... Kikiisha mnamwonya nani? Barua pepe ya nani? Aha. Mara ngapi?... Na zile meseji ambazo hazikutoka, zinafutwa?" Miguu ikasimama ghorofa ya tatu. "Hazifutwi. Zinasubiri."

Aliposhuka alikuwa anahema na anang'aa.

"Kesho saa tatu," alimwambia sajini, "kila mtu kwenye chumba cha mikutano cha kampuni. Na ile simu ya marehemu ije. Iwe na chaji."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi chumba cha mikutano kilijaa. Meneja alikaa kichwani mwa meza. Bi Mfumo alikaa karibu na dirisha, na Fundi Mrefu, pingu mkononi, akawekwa mkabala naye. Alipoingia alimwambia, "Shemeji, shikamoo," naye akaitikia kwa sauti isiyosikika. Walikuwepo Chapchap, mwangalizi, na binti wa marehemu, ambaye hakuvua koti. Mezani, mbele ya Kiguu, kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye simu iliyopasuka kioo. Kiguu ndiye pekee aliyesimama.

"Meneja, ulitaka kuhamia kifurushi kikubwa. Hamia."

"Sasa hivi?"

"Kadi unayo. Kompyuta ile pale. Kijana wa huduma kwa wateja ameniambia ni dakika tano."

"Subirini," Bi Mfumo alisema haraka. "Haifanywi hivyo. Kuhama ni lazima kupangwe, vitu vinaweza kuharibika. Wataalamu wenyewe walisema..."

"Vitaharibika vitu gani, dada?"

Meneja alikuwa ameshaanza kubonyeza, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Kiguu aliendelea kuzunguka meza.

"Wakati tunasubiri, niwaambie nilichojua. Huu mfumo wenu una kikomo cha meseji. Mwezi huu mlichukua majengo mapya, na kila alfajiri kila mpangaji anaamkiwa. Jumatatu meseji zikaisha. Salamu zikakatika. Jumanne Fundi Mrefu akaandika mbovu. Mfumo ukapokea, lakini haukuwa na meseji ya kutuma. Hakuna aliyeambiwa. Jumatano mtu akafa. Na baada ya kufa, mtu mmoja akaifungua rekodi ile, akafuta mbovu, akaandika sawa."

"Kwa nini baada?" Meneja aliuliza bila kuinua macho.

"Kwa sababu ilikuwa juu ya za Jumatano asubuhi. Rekodi ikiguswa inaruka juu. Na kwenye simu haibadiliki, inabadilishwa hapa tu, kwa akaunti ya Ofisi. Ambayo mnaitumia watu wawili."

Meneja na Bi Mfumo walitazamana.

"Kifurushi kidogo hakiweki kumbukumbu ya nani alibadilisha nini," Kiguu alisema. "Ila kuna kitu aliyebadilisha hakukijua. Meseji zilizokwama hazikufutwa. Zimekaa foleni, kila moja kama ilivyoandikwa siku yake na saa yake. Ukibadilisha rekodi, zenyewe hazibadiliki. Zinasubiri kifurushi kiongezwe."

"Imekubali," Meneja alisema.

Kwa muda hakikutokea kitu. Mtu alikohoa. Kisha simu ya Meneja ikalia, na ya mwangalizi mfukoni mwake, na mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, simu ya marehemu ikatetemeka ikasogea yenyewe.

Mwangalizi alisoma kwa sauti. "Jumatatu. Habari za asubuhi, mpangaji wetu. Safari yako ya juu ni furaha yetu."

Zikalia tena. "Jumanne. Habari za asubuhi..." Hakuimaliza.

Zikalia mara ya tatu. Mwangalizi aliitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi mezani. Binti wa marehemu ndiye aliyenyoosha mkono, akauvuta ule mfuko, akasoma kupitia plastiki.

"Jumanne, saa nne asubuhi. Mpangaji wetu, lifti ya jengo lako ina hitilafu ya breki. Ni hatari. Tafadhali tumia ngazi mpaka utakapoarifiwa."

Fundi Mrefu alifunika uso kwa mikono yake yenye pingu. "Niliandika," alisema. "Jamani, niliandika."

Simu zikalia kwa salamu za Jumatano, siku yenyewe ya kifo. Halafu ikalia ya Meneja peke yake. Aliisoma kimya kwanza, uso ukambadilika.

"Jumatano, saa nane na dakika ishirini mchana. Rekodi imebadilishwa na akaunti ya Ofisi. Breki: kutoka mbovu kwenda sawa." Aliinua kichwa. "Mimi saa nane na dakika ishirini nilikuwa..."

"Ulikuwa ubavuni mwangu unanitolea jasho," Kiguu alisema. "Tangu saa nane kasoro robo. Shahidi wako ni mimi."

Watu wote waligeuka dirishani.

Bi Mfumo alikuwa haangalii mtu. Alikuwa akiangalia mlango wa chumba chake, uliokuwa unaonekana kupitia kioo, wenye jina lake juu.

"Ile taarifa ya mabadiliko niliiweka mwenyewe," alisema polepole. "Mwaka jana. Niliisahau kabisa."

"Wenye huduma waliniambia walikuonya mara nne kwamba meseji zinaisha."

"Mara nne. Nikazifuta." Aligeuka sasa, na maneno yakaanza kumtoka kwa kasi. "Ningefanyaje? Wale wataalamu walikuja hapa, wakaucheka mfumo wangu mbele yangu. Wakasema wakihamisha watajenga upya, na mimi nitarudi mapokezi. Miaka sita nilikaa pale, Inspekta! Watu wanapita wanauliza mkubwa yuko, hata salamu hawakupi. Nikasema zikiisha, zitakazokosekana ni salamu tu. Nani atalalamikia salamu? Mwezi mpya ukianza, hesabu inaanza upya. Zilibaki siku nane."

"Na Jumatano?"

"Meneja alipiga akasema mtu amekufa. Nikafungua, nikaona mbovu. Mikono ikafanya yenyewe."

"Kwenye rekodi ya akaunti ya shemeji yako mwenyewe."

"Ni ya wawili!" Alipiga kelele. "Nilijua ni ya wawili! Nikasema wataulizana, huyu atasema yule, yule atasema huyu, hakuna atakayefungwa. Nilijuaje kama Chapchap aling'olewa jino? Nilipomwona kijana yuko ndani nikasema kesho nitasema. Kila nikimpelekea chakula nasema kesho." Akamgeukia Fundi Mrefu. "Shemeji. Nisamehe, shemeji yangu."

Fundi Mrefu alimtazama. Alikuwa hana hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Kile chakula nilikuwa nawagawia wenzangu," alisema. "Nawaambia, kaleni, hiki kimepikwa na mtu anayenipenda."

Sajini alimfungua pingu. Hakukuwa na haja ya kumtafutia Bi Mfumo nyingine.

*

Jumamosi asubuhi Kiguu alifika kituoni akamkuta binti wa marehemu kwenye benchi la nje. Alikuwa ameshakabidhiwa simu ya mama yake jana jioni, baada ya meseji zote kunakiliwa. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Imemwamkia tena," alisema. "Alfajiri. Habari za asubuhi, mpangaji wetu."

Kiguu alimpigia Meneja na kumfokea mpaka askari wa zamu wakanyamaza. Meneja alikuwa karibu kulia. Kifurushi kikubwa kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa, alisema, kila kitu kinatoka kwa wakati. Ila hakuna mtu ofisini anayejua kuzizima salamu. Aliyekuwa anajua yuko kwenu.

Kiguu alienda mpaka mahabusu na kompyuta ya mkononi. Bi Mfumo alisogea kwenye nondo bila kuulizwa mara mbili.

"Fungua wapangaji," alisema. "Shuka ghorofa ya nne. Utaona jina lake, na nukta ya kijani pembeni. Gusa hiyo nukta." Alifumba macho. "Itakuuliza kama una uhakika."

Iliuliza. Kiguu aligusa ndiyo, na nukta ikawa ya kijivu. Kisha Bi Mfumo akamwelekeza jinsi ya kuzizima za jengo zima, hatua kwa hatua, kwa sauti yake nzuri ya mapokezi.

Nje, binti alikuwa hajasogea. Kiguu alikuwa na faili la kupeleka, sajini wa kutuma, na kesi nyingine mbili mezani zinazomngoja. Alisimama, akashika kiuno, akatazama geti.

"Haitalia tena?" binti aliuliza.

"Hiyo, hapana."

Binti aliitikia kwa kichwa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akaangua kilio, akiwa ameikumbatia ile simu kifuani, na Kiguu akaketi kando yake. Alikaa mpaka benchi likapata joto, na sajini alipotokeza kichwa mlangoni kumwita, akamwonyesha kwa mkono aende zake.